Saa Iliyojisahihisha Yenyewe

Magoma, Korogwe
9 Februari 2025

Mjomba Awadhi,

Shikamoo. Mkaza mjomba naye mpe shikamoo yake. Ukimwona mama sokoni Jumatano, mwambie sanduku langu lilifika salama, ila karanga ziliisha siku ya pili. Bweni letu lina watu arobaini na mimi siwezi kumnyima mtu anayenitazama. Hapa Magoma joto ni kali na maji ya bomba hutoka asubuhi tu. Sisi wa kidato cha nne tumeambiwa hatutakwenda likizo ya Machi, tutabaki kambini tusome, kwa hiyo tutaonana Julai Mungu akipenda. Simu ni marufuku kama unavyojua, na barua hupita kwanza kwa matroni. Tafadhali usiandike utani wako ule.

Nimeandika hasa kuuliza habari za saa. Tuliitundika msikitini siku mbili tu kabla sijasafiri, sikupata nafasi ya kuichunguza. Je, inakwenda?

Nakukumbusha inavyofanya kazi, usije ukaulizwa ukakosa jibu. Kila ikifika saa kamili redio hupiga milio sita, mitano mifupi na wa sita mrefu. Mlio mrefu unapoanza ndipo saa kamili yenyewe. Saa yetu ina redio ndogo ndani yake inayosikiliza kituo kimoja usiku na mchana, na ikisikia milio hiyo inajirekebisha ili iseme saa kamili. Nimeipa ruhusa ya kujirekebisha kama imepotea kwa muda usiozidi robo saa, iwe imetangulia au imechelewa. Mwalimu Ernesti, yule wa fizikia aliyenipa bodi ndogo ya kuprogramu, alisema robo saa ni nyingi mno, dakika moja ingetosha. Nilimjibu kwamba yeye hajui umeme wa kijijini kwetu unavyokatika. Alicheka, akaniacha.

Tafadhali usiguse kitufe cha kubadili kituo. Na Ramadhani inakuja, usiwaambie watu mambo makubwa kuhusu saa hii. Ni kazi ya mwanafunzi tu.

Mpwa wako,
Faudhia


Handeni
23 Februari 2025

Mpwa wangu Faudhia,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku nne kwa muuza duka pale stendi, akidhani ni ya Awadhi mwingine. Sisi wazima. Mama yako anasema utakula karanga nyingine Julai, ujifunze kunyima. Mvua bado, tumeshatayarisha shamba na tunatazama juu. Mbuzi mwenye doa amezaa pacha, mmoja akafa.

Saa inakwenda. Siku ya kwanza kuna wazee walinung'unika kwamba nimeingiza redio msikitini. Nikawaambia, "Hii redio ina masikio, haina mdomo." Wakaja mmoja mmoja kuweka sikio ukutani, wakakuta kimya. Sasa kila anayeingia anatazama tarakimu zile nyekundu kisha anatazama mkono wake. Mzee Hiza ameniletea saa yake ya mfukoni niipatanishe na yako. Inachelewa dakika sita, na amekuwa akibishana nami kwa hizo dakika sita tangu mwaka wa elfu mbili na kumi.

Ratiba ya futari tuliyoletewa imepigwa hesabu kwa jua la Tanga mjini. Sisi jua hutuacha baadaye kidogo, kwa hiyo huongeza dakika nne kama nilivyofundishwa na marehemu babu yako. Zamani nilikuwa naongeza hizo nne kisha natoka nje kutazama jua kabla ya kuadhini, maana saa zenyewe hazikuaminika. Mwaka huu nimewaambia watu wasiwe na shaka. Umeniambia nisiseme makubwa. Nimeshasema. Nimewaambia saa hii haikosei.

Matroni naye nampa salamu, kwa kuwa anasoma.

Mjomba wako,
Awadhi


Magoma
16 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwenu nyote. Tunafunga hapa vizuri, uji haupungui, ila tende ni moja moja. Nilipata alama themanini na tisa za fizikia. Niliumwa tumbo siku tatu, nimepona.

Nilimsomea Mwalimu Ernesti sehemu ile ya Mzee Hiza na dakika zake sita. Aliniambia nimefanya kitu ambacho yeye hakukifanya alipokuwa na umri wangu. Sikujua nitazame wapi. Usiku ule sikulala mapema, nilikuwa nawaza kwamba kila magharibi kuna watu zaidi ya mia wananyoosha mkono kwenye tende kwa sababu ya kitu nilichokiunga mimi kwa risasi ya kulehemu na waya pale kwenye meza yako.

Naomba uniandikie kila kitu. Je, watu wanasemaje?

Faudhia


Handeni
30 Machi 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo. Mvua imeanza, mahindi yametoka. Nilikwenda Korogwe mjini kupimwa macho, wamenipa miwani mipya, ile ya zamani ilikuwa imeshachoka. Mama yako mzima. Mkaza mjomba anakohoa.

Saa inakwenda vizuri.

Soma kwa bidii. Idi njema.

Awadhi


Magoma
19 Aprili 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pole kwa kikohozi cha mkaza mjomba. Barua yako niliisoma mara nyingi, na kila mara ilionekana fupi zaidi. Nilidhani umechoka na mfungo.

Mwaija wa kidato cha pili, yule binti wa jirani yenu, amerudi kutoka likizo. Nilimwendea bwaloni kuuliza habari za nyumbani. Mbele ya wenzake akasema, "Kwani hujui? Mjomba wako alitulisha mchana." Wote wakacheka. Nilitaka kuondoka, lakini nilibaki kwa sababu ilibidi nijue.

Ameniambia kwamba Alhamisi ya tarehe kumi na tatu Machi, mfungo wa kumi na mbili, uliadhini magharibi na jua lilikuwa bado. Kulikuwa na wingu zito, watu wakakuamini wakafuturu. Walipokuwa kwenye uji jua likachomoza chini ya wingu, likapiga ukuta wa msikiti. Ndipo wakasikia msikiti wa kijiji cha pili unaadhini, na aliyekuwa na simu akahesabu dakika kumi na moja. Imamu akasema kila aliyekula atailipa siku ile. Mwaija anasema watoto wanakuita Mzee Futari ya Mchana, na kwamba hujaadhini tena tangu siku ile, anaadhini Muhsin, mtoto wa Mzee Hiza.

Wewe umeadhini miaka ishirini na sita. Mimi nimezaliwa nikikusikia.

Mjomba, ilikuwa saa? Nijibu hilo tu.

Faudhia


Handeni
4 Mei 2025

Mpwa wangu Faudhia,

Marahaba. Mkaza mjomba amepata nafuu. Hapa tuna msiba: Mzee Hiza amefariki Jumatatu iliyopita, Mungu amrehemu. Alikuwa anaumwa tangu Ramadhani, na hakuwahi kuilipa ile siku. Imamu amesema mgonjwa aliyekufa na ugonjwa wake hana lawama, lakini Muhsin hasikii. Ameifunga siku hiyo kwa niaba ya baba yake, na yeye mwenyewe ameshailipa ya kwake. Kaburini nilimpa mkono, akauangalia, kisha akainama kuchukua jembe.

Umeuliza swali moja. Haikuwa saa. Ilikuwa miwani yangu. Nilisoma tarakimu vibaya. Nilikuwa kwenye kibanda changu cha kutengenezea redio nasikiliza marudio ya kipindi cha wakulima kwenye redio yangu ya mezani, nacho siku hiyo kilichelewa sana kuanza kwa sababu ya hotuba, nikazama kwenye habari za viwavi. Nikanyanyuka kwa haraka, nikavuka barabara hadi msikitini, nikaangalia saa vibaya, nikaadhini. Kamati ya msikiti walipokuja baada ya Isha kuikagua saa yako walikuta imelingana na simu zao zote, hata sekunde haikupungua. Kwa hiyo kila mtu ameona kwamba saa haina kosa. Mwenye kosa ni mimi. Nimeshawaambia hivyo.

Usizungumze na Mwaija mambo haya. Una mtihani Novemba.

Mjomba wako,
Awadhi


Magoma
17 Mei 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mungu amrehemu Mzee Hiza. Nililia nilipofika hapo, na matroni aliyeisoma barua kabla yangu aliniruhusu nisiende kwenye kipindi cha jioni. Mfikishie mama salamu zangu.

Nisamehe, sikuweza kuliacha. Tarakimu zile zina urefu wa kiganja. Nilizifanya kubwa makusudi kwa sababu ya macho yako. Hukuzisoma vibaya.

Juzi Alhamisi niliomba ruhusa kwa Mwalimu Ernesti, tukakaa na redio ya mlinzi langoni kusikiliza marudio ya kipindi cha wakulima, kwenye kituo kile kile cha saa yetu. Huanza saa kumi na moja na nusu. Kipindi chenyewe hutangazwa asubuhi saa tatu kamili, nao hukirudia jioni kama kilivyo, tangu mwanzo. Mjomba, na milio imo. Kabla ya muziki wa kipindi, mitano mifupi na mmoja mrefu, ile ya asubuhi, imenaswa pamoja na kipindi. Mlinzi alinionea huruma, alidhani nimepata habari mbaya kutoka kwenye redio.

Siku zote milio hiyo inaikuta saa yetu ikisema kumi na moja na nusu. Ni nusu saa mbali na saa kamili, saa inaipuuza. Lakini siku ile kipindi kilichelewa. Umeandika mwenyewe. Kama kilianza saa kumi na moja na dakika arobaini na tisa, milio iliingia ndani ya ile robo saa yangu. Saa ikadhani imechelewa. Ikaruka hadi kumi na mbili kamili. Dakika kumi na moja.

Saa kumi na mbili ya kweli ilipofika kipindi kilikuwa bado hewani, kwa hiyo milio haikupigwa. Saa moja ya usiku milio ya kweli ilipopigwa, ikajikuta imetangulia dakika kumi na moja, ikajirekebisha. Kamati walipofika baada ya Isha ilikuwa sahihi. Iliufuta ushahidi wenyewe na kukuacha wewe umesimama pale.

Mwalimu Ernesti hakusema "nilikwambia". Ningependa angesema.

Nataka kumwandikia imamu. Nataka isomwe Ijumaa mbele ya watu wote, na mbele ya Muhsin. Nipe ruhusa tu. Na niambie kama kipindi kilianza dakika hiyo.

Faudhia


Handeni
1 Juni 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mahindi yameingia viwavi, kumbe hata nilichokisikiliza siku ile hakikunisaidia.

Ndiyo, kilianza dakika hiyo au karibu nayo. Nilitazama saa ya ukutani kibandani nikalaani hotuba. Sikujua kama milio ilipigwa, masikio yangu yameizoea kama mtu anavyozoea jogoo. Hesabu yako ni sahihi. Nilishajua kabla hujaniandikia kwamba kuna kitu kama hicho, sikujua ni kipi tu. Nimetengeneza redio miaka thelathini. Chombo kikikosea halafu kikakaa sawa chenyewe, fundi hajidanganyi kwamba hakikukosea.

Sikupi ruhusa. Usiandike kwa imamu.

Unafikiri nakuficha wewe. Nakuficha, ndiyo, sitaki binti wa dada yangu atajwe msikitini kwamba aliwaharibia watu mfungo, halafu aje Julai apite njiani watu wakinong'ona juu yake. Lakini si hilo peke yake. Nitakwambia lililobaki kisha hatutalizungumza tena.

Nilipovuka barabara nilisimama mlangoni kama nilivyozoea. Wingu lilikuwa limefunika, ila kwa chini, juu ya milima ya Nguu, palikuwa na ufa mdogo. Jua lilikuwa ndani ya ule ufa. Nililiona, Faudhia. Jekundu, zima, upana wa vidole viwili juu ya mlima. Kisha ufa ukajifunga. Nikaingia ndani nikatazama saa yako, ikasema muda umefika na dakika zangu nne zimo. Watu walikuwa wamekaa wameshika tende wananitazama. Nikajiambia: macho yangu yana miaka hamsini na tisa, yameshaniangusha mara nyingi. Saa hii ni ya Faudhia. Na nilishawaambia wote kwamba haikosei.

Nikaadhini.

Sasa unajua. Kaa nalo kimya, soma.

Awadhi


Magoma
6 Juni 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo shule imefungwa kwa madarasa mengine, mabasi yako langoni, na Mwaija anaondoka baada ya nusu saa. Kwa hiyo naandika nikiwa nimesimama.

Sikukutii. Nimempa Mwaija barua mbili. Moja ni hii. Ya pili ni ya imamu, na nimemwomba aifikishe mkononi mwake. Sijawahi kukuasi hata siku moja.

Nimeandika mambo ya robo saa, na milio ya asubuhi, na kwamba mwalimu wangu alinionya nikamdharau. Nimemwomba radhi kila aliyefunga siku ile, na Muhsin nimemtaja kwa jina lake. Nimeandika kwamba muadhini alifuata saa aliyoaminishwa kuwa ni sahihi na kwamba kosa lote ni langu. Nimeomba urudishiwe kazi yako.

Ulichokiona kwenye ufa sikukiandika. Hicho ni chako. Hakuna anayekijua ila mimi na wewe, na matroni, naye ameniambia hakukisoma.

Kama hutaniandikia tena nitaelewa.

Faudhia


Handeni
29 Juni 2025

Mpwa wangu Faudhia,

Marahaba. Mama yako ameshanunua karanga zako. Mbuzi pacha aliyebaki amepona kuhara. Mahindi tutavuna kidogo, yatatufikisha Oktoba labda.

Nilikukasirikia siku mbili. Siku ya tatu hasira ikaisha, nikaanza kuingoja Ijumaa kama mtu anayengoja kung'olewa jino.

Imamu aliisoma Ijumaa ya tarehe ishirini, baada ya sala. Aliisoma polepole, yote. Penye mambo ya milio aliishia njiani akaniomba nieleze, nikaeleza. Kisha mzee mmoja akasema, "Basi tumemdhulumu Awadhi." Wengine wakaitikia. Kuna waliogeuka kunipa mkono pale pale kwenye safu. Imamu akasema kwamba mtoto aliyekiri mbele ya kijiji kizima asilaumiwe, na kwamba kama Muhsin hana neno, mimi nirudi kwenye adhana yangu. Muhsin akasema hana neno. Akaja hadi nilipokaa, akanyoosha mkono.

Sikuweza kuushika mkono ule, Faudhia. Mkono ule ungenisamehe kitu ambacho sikukifanya na kuniachia nilichokifanya. Nikasimama. Nikasema saa ilikosea, ni kweli, kama mtoto alivyoandika. Nikasema, "Lakini mimi nililiona jua."

Muhsin bado alikuwa amesimama mbele yangu. Akaniuliza, "Uliliona kabisa, mzee?" Nikamjibu kabisa. Akaurudisha mkono wake, akatoka nje. Imamu alikunja barua yako akaitia mfukoni mwa kanzu. Hakulisema tena jambo la adhana, nami sikuliuliza.

Njiani hakuna anayenong'ona juu yako. Wanasema una moyo. Watoto hawaniiti tena lile jina, sasa hawaniiti kitu. Saa ipo ukutani, kamati imetaka ibaki. Ukija Julai punguza hiyo robo saa, mwalimu wako alisema kweli. Usimwandikie imamu barua nyingine yoyote.

Magharibi ya siku ile nilikaa safu ya nyuma. Muda ulipofika Muhsin aliisoma saa, kisha hakukishika kipaza sauti. Alikwenda mlangoni, akasimama kutazama upande wa Nguu, muda mrefu, hata watu wakaanza kukohoa. Aliporudi alipita mbele yangu bila salamu, akaadhini.

Mjomba wako,
Awadhi